Kiti cha Mzazi

12 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Koo lako limepona? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni ya hospitali. Shuka za wagonjwa haziishi, ukikunja hizi wanashusha nyingine.

Ripoti ya Kidoti imefika. Nimeigeuza mbele na nyuma nikadhani ukurasa mmoja umebaki kwako. Alama ziko wapi? Hisabati: “Anakaribia matarajio.” Kusoma: “Amevuka matarajio.” Matarajio ya nani? Tangu nimwache mwanangu mikononi mwako nije huku kufua, mimi namjua kwa alama zake. Muhula uliopita alikuwa wa tatu, na kila dobi hapa alijua. Namba ile nilitembea nayo. Safari hii waliponiuliza, nikasema posta imechelewa.

Nasikia wazazi wamekuchagua kwenye kamati ya kuchunguza viwango vipya vya shule. Wewe, uliyekuwa ukiumwa tumbo kila siku ya hesabu! Haya, chunguza, kisha unieleze: mwanangu ni wa ngapi?

Dada yako

30 Januari

Dada,

Shikamoo. Koo limepona, nimerudia kelele zangu. Pole na mikono. Jipake mafuta, na usinijibu kwamba huna nafasi.

Hakuna wa ngapi tena. Ndivyo viwango vipya vilivyo: mtoto hapangwi na wenzake, anapimwa kwa kile anachoweza kufanya. Tulimwomba mwalimu mkuu kitabu cha mwongozo tukakisoma kwa zamu, kisha tukatembelea shule iliyotangulia kuanza. Mkali wetu ni fundi baiskeli. “Mwanangu anakaribia,” alimwambia mwalimu mkuu, “anakaribia kituo gani, nikamngoje hapo?” Mwalimu mkuu mwenyewe alicheka.

Mimi nilichokipenda ni maonyesho. Mwisho wa muhula kila mtoto anasimama na kueleza alichojifunza, na mzazi wake ameketi kando kwenye kiti. Ijumaa walifanya ya majaribio. Kidoti alikunja kitambaa, akaeleza nusu, robo na thumni kama muuza vitambaa mzoefu. Mwalimu akamuuliza, “Umekuja na nani?” Akasema, “Mama.” Nilikaa pale kichwa kimevimba, hata mlangoni nilipita kwa shida!

Mdogo wako

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Hongera kwa kukalia kiti changu. Barua yako niliisoma asubuhi, na kufika saa sita nilikuwa nimeunguza foronya mbili. Msimamizi akaniuliza, “Bibi wee, leo unapiga pasi au unachoma?”

Usidhani wewe peke yako ndiye mchunguzi. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda shule iliyo nyuma ya hospitali. Hawa hawajaanza viwango vyenu. Kwao kuna alama, kuna nafasi, kuna majina yanabandikwa ukutani. Wana nafasi ya mtoto mmoja, muhula ujao. Chumba changu nimekipima, godoro la pili litaingia.

Mpaka hapo, mtungie Kidoti mtihani wa hesabu, usahihishe, uniandikie alama. Tena umkumbushe ni nani aliyembeba miezi tisa.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, maana kila nilipoanza kuandika, kalamu ilitaka kutukana.

Mtihani nilimpa. Arobaini na moja kwa hamsini. Haya, chukua, watembezee madobi wenzako.

Kuhusu miezi tisa, wahenga walishakujibu: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wewe unanionea wivu kwa kiti. Mimi nakuonea wivu kwa yote yaliyobaki. Nikimchana nywele, “Mama huchana taratibu.” Nikipika, “Mama hazidishi chumvi.” Anakuona wiki mbili kwa mwaka, na wewe ndiye usiyekosea. Mimi niliye hapa kila siku, makosa yote ni yangu.

Hata hivyo, kikaoni nilisimama nikauliza, “Na mzazi aliye mbali akae wapi?” Muuza maziwa, mwenzetu wa kamati, akaguna, “Mwenye mtoto si aje mwenyewe?” Nilitamani kummwagia ndoo yake. Lakini mwalimu mkuu alikiri kwamba hawakulifikiria hilo, akakubali mzazi wa mbali apangiwe siku yake. Likizo yako ni Aprili, nimekuandikisha tarehe kumi. Njoo ukae. Ukishakaa, kama bado unataka kumchukua, nguo zake nitafunga mwenyewe.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

Nilifika salama, na kazi nimeshaanza. Najua umenikasirikia. Nimeondoka alfajiri bila kuaga, na nguo ulizomfungia nimeziacha palepale mlangoni.

Wewe ulibaki uwanjani, hukusikia yaliyosemwa. Kidoti alipomaliza maonyesho yake, mwalimu alinigeukia mimi. Kumbe viwango vyenu vinampima na mzazi! Hilo kamati haikuniandikia. “Mama,” akasema, “mtoto huyu akikwama nyumbani, hufanya nini?” Nikajibu upesi, kama mwanafunzi wa mbele: “Hulia.”

Watoto wakacheka. Kidoti akaniinamia sikioni, kwa adabu kabisa: “Mama, kulia ilikuwa zamani. Siku hizi namuuliza mama mdogo, na yeye akishindwa tunacheka wote.”

Hakunisuta, mdogo wangu. Alininong’oneza ili wenzake wasisikie kwamba nimekosa. Mwanangu wa kumzaa ananifichia aibu, kama mtu anavyomsitiri mgeni. Afadhali angenicheka na yeye.

Nilikuja kumchukua, nisikufiche. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani siku ile nilijiuliza: nikimleta huku, mimi nafua tangu asubuhi hadi jioni, akikwama atacheka na nani? Na ukuta wenye jina lake? Leo nimekwenda kwenye ile shule, nikaikataa nafasi. Karani akanitazama kama mwendawazimu.

Usiniandikie kwamba nimefanya vyema. Wivu wangu uko palepale, tena umenenepa. Ukiandika, niambie amekwama wapi na mmecheka nini, hata kama itanichoma.

Muhula ujao kaa wewe. Vaa vizuri, usimtie mtoto aibu mbele ya muuza maziwa. Lakini usipendeze sana.

Dada yako