Siku Nilipoacha Kusema "Kampuni Inasema"

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Mbozi hatujambo. Bibi yako anaanika kahawa huku akigombana na kuku. Unaniuliza kama uache kazi ya benki huko Dar, ujiajiri kama mshauri wa wafanyabiashara.

Mimi nilikuwa bwana shamba wa kampuni ya kahawa, na kila neno langu lilianza na "kampuni inasema". Nilipoacha kazi, wa kwanza kuniita nimshauri alikuwa mama mmoja mjane ambaye mibuni yake ilikuwa imezeeka. Nikaanza, "Kampuni inasema..."

Akacheka. "Kampuni si umeiacha, baba? Wewe unasemaje?"

Nilizunguka shamba lote. Mwishowe nikamwambia aikate mibuni yote ibaki visiki, ila kila kisiki akiachie tawi moja la kukilisha mpaka kichipue. Akaenda kuchukua msumeno pale pale. Sikutulia hadi mvua ziliponyesha na machipukizi yakatoka.

Ndiyo kazi unayoitaka, mjukuu wangu. Utasema neno lako mwenyewe, na mwenye shamba atashika msumeno.

Mimi uoga haujaniisha, lakini hata leo wakulima wakiniita, naenda nikipiga mluzi.

Babu yako