Njoo Hivyo Hivyo

Masukulu, 2 Juni 2025

Mwanangu Asajile,

Ugonile, umeamkaje? Baridi ya mwaka huu si ya kuchezea, ila miguu bado inanibeba. Mkeo Agness hajambo? Dodoma nako baridi imefika?

Nakuandikia kwa simu; sikutaka kukusumbua, lakini moyo wangu una vituko. Nikijilaza unaruka, unasimama kidogo, kisha unapiga kishindo mpaka nakaa kitako. Tangu baba yako atutoke sina wa kumwambia, na migomba haijibu. Naogopa, sikufichi.

Mama yako, Tulinagwe

Dodoma, 2 Juni

Shikamoo mama. Sisi wazima, Agness anakusalimu sana. Umenitisha. Nenda hospitali Tukuyu, usisubiri siku ya soko ipite. Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa nitakuwa hapo.

Mwanao, Asajile

Masukulu, 5 Juni

Marahaba baba. Nimepimwa. Walinibandika nyaya kifuani, mashine ikachora. Daktari, binti mwenye subira, kanieleza kwamba pigo moja linawahi kabla ya zamu yake, moyo unatulia kidogo, basi linalofuata linakuja na nguvu. Watu wengi wana mapigo hayo, ila nyumba zao zina kelele, hawayasikii. Moyo wangu hauna ugonjwa. Nikizirai au kifua kikiuma, nirudi mbio. Na nipunguze chai ya rangi, mimi mchuma chai, sijui nitakunywa nini.

Mashuka ya chumba chako nimeshafua.

Mama yako

Dodoma, 5 Juni, jioni

Mama, Mungu mkubwa, umenitua mzigo. Basi kwa kuwa u mzima, ruhusa nimeirudisha, kazi zimebana. Tutaonana Desemba.

Mwanao

Masukulu, 8 Juni

Mwanangu Asajile,

Ugonile. Mimi mzima, kama ulivyosikia. Nimekuelewa, kazi ni kazi.

Yule daktari aliniuliza naishi na nani. Nikamjibu, mwanangu anakuja Ijumaa.

Ijumaa ilipopita nikajikuta natamani wangenikuta na ugonjwa. Nimeona aibu sana. Lakini huku kwetu si unajua, mgonjwa anajaziwa watu uani, msiba ndiyo usiseme. Aliye mzima nani anamkumbuka? Baba yako ulimkuta kwenye jeneza.

Mimi nataka unikute nikiwa na mdomo wangu, nikupikie, tubishane, unikasirikie uondoke. Sina ugonjwa, Asajile. Njoo hivyo hivyo.

Mama yako, Tulinagwe