Tembe Lililokandikwa Bila Mtu

Kijijini Zuzu, Jumamosi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na jua limefifia kama limefunikwa shuka.

Nilizaliwa katika tembe hili: nyumba ya udongo, paa bapa, mlango mfupi hata mtu mzima huinama. Nilikuwa mtoto tulipohamishiwa kijiji kipya. Mama peke yake ndiye aliyerudi. Mimi nimezeekea Morogoro, na nimekuja kwa sababu linabomolewa kupisha viwanja.

Nilitegemea kukuta gofu. Tembe lisipokandikwa kabla ya mvua, maji hupenya paani, miti ikaoza, kuta zikalala. Hili halijakaliwa tangu mama afariki, miaka mingi sasa. Lakini limesimama, na udongo wake ni mbichi.

Niliugusa. Kidole kikazama.

"Umekandika wewe?" nilimuuliza binamu yangu Chilongani, jirani wa pekee.

"Kwa maji gani, kaka? Ng'ombe wangu wenyewe wanalamba vumbi."

Mpima ardhi alikuja na kopo la rangi nyekundu. Mhehe, mtani wetu sisi Wagogo. Aliniamkia kwa heshima, nami nikamwomba tembe lihifadhiwe.

"Mzee, nyumba ya kale ina udongo wa jana? Ingekuwa boma la mawe la Mjerumani, ningekuelewa."

"Tembe hukandikwa kila mwaka. Ndiyo ukale wake."

"Haya, hili kakandika nani?"

Nikajifuta tope kidoleni.

"Wagogo ninyi! Hata marehemu hamwapumzishi, mnawapa kazi?"

Akacheka, akachora alama ya X kando ya mlango. Tukazunguka nyuma, sote watatu, apime kiwanja. Tuliporudi, nusu ya X ilikuwa imefunikwa tope. Michirizi ya vidole ilivutwa kuelekea kushoto.

Hapakuwa na ndoo. Hapakuwa na nyayo ila zetu.

Mama alikandika kwa mkono wa kushoto. Sikuwaambia.

Mpima ardhi alifunga kopo lake taratibu. Utani ulikuwa umemwisha. "Mzee, kama kuna anayeishi humu, sheria inataka asikilizwe kwanza. Kuna mtu?"

Nakiri niliogopa. Ningeweza kusema hapana, nikawahi basi.

Tangu hapo nawaza. Jiwe linaweza kutunzwa kwa kibao na uzio, halafu watu wakaenda zao. Udongo hautunziki hivyo. Unataka mikono, kila mwaka. Sheria inayouliza tu nyumba ina umri gani haitauliza kamwe ni nani anayeifanya iendelee kuishi. Jumatatu nitayasema hayo mbele ya halmashauri, hata wakinicheka.

Mpima ardhi nilimjibu: "Yupo. Ni mimi."

Ameondoka bila kuichora upya ile X. Chilongani ameniletea mkeka, akagoma kuvuka kizingiti. Jua linazama, nami naandika nikiwa nje bado. Ndani kuna harufu ya udongo uliolowa, na sauti ndogo ya kiganja kinachopapasa ukuta.

Nimepiga hodi. Sauti imekoma.

Naingia.