Kaunsela Amefanya Mke Wangu Amuage Baba Yangu na Bado Yuko Hai

Niaje beshte wangu wa mlimani, uwe uko Maua ama umeteremka mpaka Kiambere kwa joto. Ni Kajuju. Barua ya leo imefanya chai yangu ipoe. Imetoka Kibirichia. Majina nimebadilisha, mengine yote ni ya mwenyewe. Isome pole pole, kwa sababu yeye ameiandika mbio.

*

Mpendwa mshauri Kajuju, naomba msaada na naomba usinicheke, mimi ni Kiunga, kijana tu, nanunua viazi kwa wakulima hapa Kibirichia na kupeleka Meru town, shule niliacha mapema lakini nimejisomea mwenyewe kwa simu nikingoja lori lijae, hizo video za saikolojia, vile mtu akidanganya anaangalia wapi na anashika nini, kwa hivyo mimi si mtu wa kuzungushwa.

Shida ni hii. Mimi na mke wangu Gatwiri tulipata mtoto wa kwanza, kijana, na unajua huku kijana wa kwanza anachukua jina la baba ya mume, basi tukampatia jina la mzee wangu, Muthamia, na mzee alifurahi mpaka akanunua kofia mpya ya kuja kumwona, na hali tunaishi boma moja. Halafu ile baridi ya Julai ikaja, mtoto akashikwa na kifua, tukakimbia naye hospitali, akatuacha. Tangu hapo Gatwiri akanyamaza. Si ile kunyamaza ya hasira, hiyo naijua, hii ni ya mtu hayuko. Kuku anaingia jikoni anapanda meza, na yeye anamwangalia tu. Unga umeisha, anasema ni sawa. Mvua inanyeshea nguo kwa kamba, ni sawa.

Nesi akatutuma kwa kaunsela, kliniki moja Meru town. Tukafungua mlango tukapata jamaa anaitwa Nuh, Msomali wa Maua, familia yao ni ya malori. Sasa Kajuju, mimi sina ubaya na Wasomali, nafanya biashara nao, lakini nilijiuliza, huyu anajua nini kuhusu kufiwa na mtoto Kimeru? Nikaanza kumwangalia vizuri.

Mimi alinisalimia kwa mkono. Gatwiri akanyoosha wake, yeye akaweka wake kifuani, nikasema kwa roho, kumbe anaona mke wangu ni mchafu. Akiongea na Gatwiri macho yako kwa zulia, na kila video inasema mtu wa kukwepa macho anaficha kitu. Halafu kuna mlango. Tukiwa watatu anaufunga. Siku ile alitaka kuongea na Gatwiri peke yake, mimi nikatumwa nje, akauacha wazi kabisa, watu wanapita na mafaili. Sasa hiyo ni nini, yangu inafichwa, ya mke wangu inatangazwa? Nikasimama karibu na dirisha nikijifanya nasoma bango la chanjo, na nikasikia Gatwiri anaongea. Kajuju, alikuwa anaongea, maneno mengi, moja inafuata ingine, hata akacheka kidogo. Nilihisi vibaya na sijui ni kwa nini, nikajua tu huyu jamaa kuna kitu anatafuta.

Nilipoitwa ndani akatupatia kazi ya nyumbani. Ati kila jioni tukae, tumtaje mtoto kwa jina, kwa sauti, tumwambie tulimpenda, tumuage. Nikamwambia, "Hiyo haiwezekani."

Akauliza, "Kwa nini, ndugu yangu?"

Sasa kitu ya kwenu utamweleza mtu aje, kama darasa? Nikasimama nikapiga meza. Akasema pole pole, "Najua wanaume wa huku hasira huwa karibu." Wanaume wa huku. Nikatoka.

Gatwiri akafanya hiyo kazi peke yake. Jumapili tumetoka kanisa, mzee yuko nje anakatia ng'ombe nyasi, Gatwiri amekaa kwa mlango wa jikoni, akasema kwa sauti, "Muthamia, tulikupenda, sasa umeenda, lala salama." Mzee akasimama na panga mkononi. Akauliza, "Ni nani huyo analazwa?" Akaweka panga chini, akaingia kwake, na tangu hiyo siku hagusi chakula ya Gatwiri. Mama anasema anakaa tu kwa kitanda anarudia, "Nimeshaagwa."

Gatwiri akarudi kunyamaza, isipokuwa kusema Jumanne anaenda kwa Nuh, hata peke yake, na nikimzuia anarudi kwao Ruiri na asikuje tena. Na mimi nishaambia vijana pale tunapopimia viazi kwamba huyo kaunsela anawinda mabibi za watu. Mmoja wao, Riungu, anasema twende wengi tumwambie mkubwa wa kliniki amtoe. Nimzuie Gatwiri? Twende na hao vijana? Sina usingizi.

Kiunga, Kibirichia.

*

Kiunga, pole. Ya mtoto kwanza. Alikuwa wako pia, na barua yako yote sijaona mtu amekwambia pole wewe. Lakini pia sijaona mahali ulilia. Umeandika kuku, umeandika unga, umeandika nguo kwa kamba, na machozi yako hayako popote. Mtu kama huyo mimi namshuku, na nitarudi kwa hiyo.

Hizo video weka kando. Waliozitengeneza hawajui Kibirichia iko wapi. Wewe ukienda Ruiri, mama yake Gatwiri akitoka kukusalimia, unamwangalia macho? Unaangalia chini kama mtu ameangusha sindano. Na hakuna mtu pale anasema Kiunga anaficha kitu. Wanasema huyu kijana amelelewa. Kwa hivyo macho ya chini unayajua, unayafanya mwenyewe, ni vile tu hukufikiria Msomali anaweza kuwa nayo na maana ni ile ile.

Ya mlango nilimpigia beshte yangu Awo, anauza vitambaa Meru town, Mwislamu, mdomo wake hauna breki. Nikamweleza bila kutaja mtu. Akacheka mpaka nikatoa simu kwa sikio.

"Kajuju, mwambie huyo bwana ashukuru. Mwanamume amelelewa kwetu hajifungii na mke wa mtu. Anaacha wazi ndio hata mwenye mke akipita aone."

"Na mkono?"

"Hiyo ni heshima. Kwani alitaka amkumbatie?" Halafu akaacha kucheka. "Lakini usiende kuandika ati sisi wote tuko hivyo. Ndugu yangu Hirsi anasalimia kila mtu kwa mkono, akimaliza watu anaanza na ng'ombe."

Umesikia hapo mwisho? Awo mwenyewe hajui ya Nuh. Mimi sijui. Usitoke kwa shuku yako ukaingia kwa hii ya Awo uifanye sheria. Kuna mtu mmoja anajua kwa nini Nuh anaacha mlango wazi, na ulikaa mbele yake ukapiga meza.

Sasa wewe Nuh, kama gazeti hili linafika kwa hiyo kliniki, na linafika, wewe pia sikuachi. Umekulia Maua, umecheza na watoto wetu, na haujawahi kuuliza jina la kijana wa kwanza linatoka wapi? Baba amefiwa, anakwambia "haiwezekani", hiyo ndio ilikuwa kazi yako ya siku hiyo, ungevuta kiti karibu. Ukatoa ile hadithi Kenya nzima inatupigia, ati Mmeru ni hasira. Wewe watu wakikuona barabarani wanasema nini, unapenda? Hiyo kazi ya nyumbani uliipata kwa kitabu. Kitabu hakikujua kuna mzee nje anakata nyasi, ako na hilo jina na bado analitumia.

Turudi kwako Kiunga. Mtoto mlikuwa mnamwita nini mkiwa nyumbani? Ukiniambia Muthamia sitaamini. Hakuna mke wa mtu huku anaosha mtoto akitaja jina la baba mkwe. Nashuku alikuwa Kazee, ama Baba, ama kitu fulani ya kuchekesha ya nyinyi wawili. Hilo ndilo jina la kumuaga nalo, halimgusi mzee hata kidogo. Na Gatwiri alilijua, lakini mtaalamu alisema jina, basi akatoa lile la cheti. Unajua ilimgharimu nini, mtu mwenye hajaongea, kulitoa hilo jina kwa mdomo? Alikuwa anajaribu kupona. Na wewe, kitu ungemwambia Nuh kwa maneno machache, ukakiweka kwa ngumi.

Sasa shuku yangu. Unasema ni sababu ya mzee. Mzee alikuja baadaye. Wewe ulikasirika pale dirishani, uliposikia anacheka. Kwako analeta "ni sawa", kwa mgeni analeta maneno mengi. Hiyo inauma, sikatai. Lakini hakuna mtu aliwinda mtu hapo, na ukijiangalia bila video utaona.

Fanya hivi. Leo, kabla Riungu hajakusanya watu, nenda pale kwa mizani useme mbele ya wote kwamba ulidanganya. Usiseme ulikosea kidogo. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa hayo maneno, na tunaishi na hawa watu ukuta kwa ukuta, duka kwa duka. Neno kama hilo likitoka kwa viazi hujui litafika kwa nani na nani atakuwa ameshika jiwe.

Ya mzee usiende wewe, na usithubutu kumtuma Gatwiri. Tafuta mtu wa rika lake, yule wanataniana, abebe sukari na majani ya chai, akae naye, amwambie aliyekuwa anaagwa ni mtoto na yeye hakuna mtu amemuaga. Mzee akitaka kuombewa, iteni mchungaji. Akitaka mbuzi wa kusafisha hayo maneno, mbuzi.

Na Jumanne unaenda. Na Gatwiri. Ukifika ongea wewe kwanza, mweleze Nuh ya jina, muulize ya mlango, mwambie "wanaume wa huku" ilikuuma. Akijitetea, akileta dharau, mwambie asante na niandikie, nitakutafutia kaunsela mwingine. Akisema hakujua na anataka kujua, kaa. Gatwiri akianza kuongea usimsaidie, usimmalizie, usiangalie kama mkono wa Nuh umeshika pua. Na ikifika zamu yako useme ya mtoto, sema. Ukilia, lia. Nadhani hiyo ndio kitu Gatwiri anangoja kusikia kutoka kwako, na ndio maana wewe unapata "ni sawa". Ameona kwako hakuna mahali pa kuweka neno ingine.

Kajuju.

Na wewe beshte wangu, usikunje gazeti ukijiona uko safi. Mtu wako amenyamaza mpaka umeanza kusahau sauti yake inakaa aje, halafu siku moja unaisikia, iko sawa kabisa, lakini anaongea na mtu wa kabila ingine na dini ingine, mtu haujawahi kumwamini hata kidogo. Ungefanya nini?