Dodoma Inakuita, Baba Mwende

Baba Mwende wangu,

Waya wa redio yako bado umetanda kutoka kwenye paa letu hadi ule mti wa jakaranda nyuma ya bomba la maji, na majirani wa hapa Kaloleni bado wanautamani. Nakumbuka Mama Njeri alipoanika blanketi zake juu yake. Wewe, mwalimu mzima wa sayansi, ulitoka na kandambili kumwomba aziondoe kwa sababu kulikuwa na mtu wa Brazili anakungoja. Akakuuliza kama huyo wa Brazili hawezi kungoja blanketi zikauke. Nilicheka hadi nikakaa chini. Hukukasirika. Ulikwenda kumnunulia kamba, ukamfungia kwa mikono yako, ukarudi kwenye redio yako ukitokwa jasho.

Nilikuwa nikikutania kwamba nimeolewa mke wa pili, na mke mkubwa ni redio. Kochi moja lilikuwa la nyaya, hakai mtu. Harufu ya kulehemu iliingia hadi kwenye ugali. Watu walikuuliza inakuletea nini, kazi isiyo na mshahara, kuongea na watu usiowajua. Ulijibu kwamba utamu wake ndio huo: hakuna anayekulipa, hakuna aliyekutuma, na bado kuna mtu anaitika. Nakuambia leo kwa kinywa kipana: sikuwahi kukutana na mtu kama wewe.

Kila Jumamosi wanafunzi wako walikuja kwa miguu, wengine kutoka Mathare. Hukuuliza nani anaongoza darasani. Uliwapa chai, ukawaketisha mbele ya redio, ukawaambia wataje majina yao. Shiru, siku yake ya kwanza, alishika kipaza sauti na sauti ikagoma. Ukamwambia, "Yule mzee amekaa huko Dodoma anasubiri jina lako tu. Usiwe na haraka." Alipolitaja, mzee alilirudia vizuri, na yule msichana akazunguka nyumba nzima akitabasamu. Nilikuwa nakata sukuma wiki, nikaacha kisu nikabaki kukutazama.

Ukali pia ulikuwa nao. Mwenye leseni ni wewe. Usipokuwepo, ruhusa ni kusikiliza tu, na atakayebonyeza kitufe cha kuongea asirudi tena. Hata mimi nilihesabiwa humo.

Kisha ukaugua, na kabla hatujalizoea neno hospitali tukaanza kulizoea neno marehemu. Tulikuzika kwenu Machakos. Niliporudi Nairobi, Jumamosi ilipofika, wanafunzi wako walikuwa mlangoni. Nikawawashia redio, maana kuwasha nilijua. Na mzee wa Dodoma akaanza kukuita.

"Mwalimu wa Nairobi, Dodoma inakuita."

Hakuna aliyekigusa kitufe. Namba yake ya simu hatukuwa nayo. Miaka yote hiyo nyinyi wawili hamkuwahi kuihitaji, wala sura hamkujuana. Aliita, akangoja, akaita tena. Akasema labda mitambo imekuharibikia, atajaribu Jumamosi ijayo. Akajaribu, na iliyofuata akajaribu. Nilijiona kama mtu anayegongewa mlango, yuko ndani, na hawezi kufungua.

"Mama, si ubonyeze tu?" Shiru aliniambia. "Huyo buda ana-worry huko."

Nikamjibu kwamba mwalimu angefufuka kuja kutufukuza.

"Basi fanya mtihani wa leseni. Sisi hatujafikisha umri. Tutakufunza."

Hivyo ndivyo mimi, muuza mapazia wa soko la Gikomba, nilivyoanza kusoma mambo ya umeme na mawimbi, kitabu kikiwa juu ya mzigo wa mitumba. Wanafunzi wako walinikaripia kwa maneno yako yaleyale, na nilipokosea hawakunihurumia. Mtihani wa kwanza nilianguka. Kilichoninyima usingizi hakikuwa aibu. Niliogopa mzee atachoka kuita kabla sijapita, abaki akidhani ulimtupa. Nikarudi mezani nikasoma tena, nikapita, leseni ikatoka.

Jumamosi iliyopita aliita. Sauti yake ilikuwa na uchovu, nami nikakaa kwenye kiti chako, nikabonyeza. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia mwalimu ametutoka, na kwamba siku zote alizokuwa akiita tulikuwa tukimsikia, ila hatukuwa na ruhusa ya kumjibu. Kisha nikaachia kitufe.

"Shemeji?" akasema. "Pole, shemeji. Mwalimu alikuwa akiniambia iko siku utakaa hapo uongee nami. Kila mara aliniambia. Nilidhani ananitania."

Mimi hukuwahi kuniambia, wewe mtu. Nilibonyeza nimjibu, nikalia kidole kikiwa bado kwenye kitufe, na Dodoma nzima ikanisikia. Mzee alingoja hadi nikamaliza.

Lala salama, Baba Mwende. Kiti chako nimekichukua, na sikirudishi.

Mkeo,
Mama Mwende