Mama Mkwe Anashona, Mimi Nafumua

Mpendwa Mama Verna, nakuandikia roho ikiwa juu, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu ukilisikia jambo hili juu juu utadhani ni habari ya uzi na sindano tu, kumbe mimi huku nimekosa raha, hata chakula hakinipiti.

Binti yetu Malinda anaolewa Novemba, hapa hapa nyumbani kwetu. Hatujatangaza bado kanisani, lakini majirani wameliona tuta la selari nililopanda nyuma ya nyumba, refu kuliko familia yetu inavyoweza kula, na wewe unajua selari nyingi hapa kwetu ni mboga ya karamu ya harusi. Mfarishi wake wa harusi uko kwenye fremu tangu theluji ilipoyeyuka, wa kitanda kikubwa, juu viraka vya buluu na zambarau alivyoviunga mwenyewe, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na kazi iliyobaki ni kushona tabaka zote tatu pamoja kwa mkono, mishono midogo midogo, na kila sehemu ikikamilika tunaiviringisha kwenye boriti ya fremu ili tufikie sehemu inayofuata. Fremu imekula sebule nzima, tunapita kwa ubavu, na mabenchi ya harusi yanatakiwa kukaa pale pale, na mume wangu Benuel kila akirudi kutoka kukamua ananiuliza, "Mama Malinda, huo mfarishi unashonwa au unafugwa?" Mimi nacheka naye, lakini ndani nachemka, maana Jumatatu ni kufua, nyanya zimeiva zote kwa mkupuo na zinataka kuingia kwenye chupa, pichi ziko nyuma yake, ng'ombe hawajui kwamba kuna harusi, na muda wa kukaa na sindano naupata kwa kuuiba.

Sasa lililonileta kwako ni hili. Mama mkwe wangu, Mama Arie, anaishi kwenye nyumba ndogo iliyoungana na yetu, na kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana anakuja na kastabini yake, kile kikofia cha kidole cha kushonea, mfukoni kunisaidia. Huyu mama alikuwa na mkono ambao wanawake wa wilaya mbili walikuwa wakija kuutazama. Lakini macho yake yameingia ukungu, daktari amesema hayarudi, naye anashona kwa kupapasa, na mishono inatoka mikubwa, imepinda, mingine haijashika hata kitambaa cha chini. Alhamisi ya kwanza niliitazama nikamwacha amalize. Nikamsindikiza kwake, nikarudi, nikachukua mkasi mdogo, nikafumua yote, kisha nikaenda kukamua kama mtu asiye na neno. Nikajiambia ni mara moja tu. Imekuwa kila Alhamisi, na kazi yangu ya Ijumaa na Jumamosi imekuwa kuziba alipopita yeye, wala simalizi, kwa hiyo mfarishi hauendi mbele wala haurudi nyuma.

Malinda alinikuta na mkasi, akaweka mikono kiunoni. "Haya, Bibi anashona, wewe unafumua. Mimi siku yangu ikifika nijifunike gunia la mahindi?" Nikamwambia anyamaze. Wifi yangu Lydiann, mdomo wake unajulikana mpaka ng'ambo ya mto, alitaka kuwaita wanawake waje siku moja tuumalize kwa pamoja kama kawaida, nami nikamkatalia kwa sababu ya kijinga, nikasema sebule haijafagiliwa. Ukweli ni kwamba niliogopa wataona matundu ya sindano, wataona mishono ya Mama Arie, na kwenye harusi wanawake wataupindua ukingo kama wanavyofanya siku zote, wanyanyue nyusi, jina la mama yule liishie hapo. Mimi mwenyewe nilipoletwa hapa bibi harusi sikujua kushona, na mishono niliyotia kwenye mfarishi aliotushonea Mama Arie ni kama meno ya farasi, hata leo nikitandika kitanda naiona pale karibu na mto nacheka peke yangu. Lakini mimi nilikuwa msichana tu, hakuna aliyetarajia makubwa kwangu. Yeye ni Mama Arie.

Alhamisi iliyopita ndiyo imenimaliza. Alipofika hakukaa. Aliweka kiganja juu ya boriti, akaisugua taratibu, akasema, "Mwanangu, boriti hii mbona hainenepi?"

Nikamjibu, "Tulikaza kitambaa upya, Mama, kilikuwa kimelegea." Uongo mtupu, na sijui ulitoka wapi.

Akasema, "Ahaa." Akakaa, akatia mkono wa kushoto chini ya mfarishi kama tunavyofanya, ukatembea polepole pale aliposhona wiki iliyotangulia. Kisha akasema, "Haya. Basi naanza hapa hapa." Akashona pale pale, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na nilipomfikisha mlangoni kwake akanishika mkono akasema, "Alhamisi ijayo nitakuja mapema zaidi."

Mama Verna, sijui kama amegundua au la. Lydiann anasema nimwambie mama apumzike, macho yameisha. Malinda anasema nimpe kitambaa kingine ashone, asijue. Mimi naogopa kumvunja moyo, naogopa mfarishi hautaisha, na naiogopa Alhamisi inayokuja. Nifanye nini?

Mfumuaji, Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania

*

Mfumuaji mpendwa,

Sijacheka, ila nimeiweka barua yako mezani mara mbili nikaenda kuchochea jiko, kwa maana ulinipandisha hasira. Pole kwa nyanya, pole kwa ng'ombe. Kwa mkasi sikupi pole.

Unauliza kama amegundua. Dada, umekaa mbele ya fremu miaka yote hii na bado unadhani mshonaji anaona kwa macho tu? Ule mkono wa chini wa Mama Arie, wenye kidole kilichochomwa na sindano mpaka kikawa kigumu, ulikuwa unasoma pale ulipofumua. Amejua, na nadhani hakujua Alhamisi iliyopita tu. Alikuuliza habari ya boriti ili akufungulie mlango, wewe ukaubamiza kwa habari ya kitambaa kulegea. Naye hakukuaibisha. Alikaa, akashona pale pale, na akakuahidi kuja mapema. Mwenye moyo uliovunjika hatoi ahadi kama hiyo. Huyo anataka kukaa na wewe, na amekubali kushona kitu anachojua utakifumua.

Tena usiniambie unalinda jina lake. Sisi tunaovaa nguo zisizo na vifungo ili tusijivune tunajua kiburi kikoje hata kikivaa aproni. Unayeogopa nyusi za wanawake ni wewe, maana mfarishi umetoka sebuleni kwako na binti ni wako. Kama Lydiann atapindua ukingo na kusema neno, mwambie, "Hapo ameshona mama yako," kisha umtazame atasema nini.

Ushauri wa Lydiann wa kumpumzisha, uache. Ule wa Malinda wa kumpa kitambaa cha kuchezea ni mbaya zaidi, na umwambie hivyo kwa niaba yangu. Mama Arie si mtoto mchanga.

Usingoje Alhamisi. Leo hii, nyanya zikiwa bado jikoni, vuka uende kwenye nyumba ndogo, kaa chini, useme: "Mama, nilikuwa nafumua mishono yako. Nisamehe." Usiongeze habari ya macho wala ya daktari. Mwache ajibu, na kama atakukaripia, karipiwa. Ukitoka hapo nenda kwa Lydiann umwambie awaite wanawake wiki hii, hata sebule ikiwa na majani ya ng'ombe. Mkikaa kumi kuizunguka fremu mtafanya kwa siku moja kazi ambayo wewe peke yako unaililia tangu theluji.

Mama Arie akae kwenye kona yake. Mtilie uzi sindano nyingi mapema, uzichomeke kwenye mto mdogo karibu na mkono wake. Bandika utepe wa karatasi kando ya mstari, kidole chake kiufuate, na utashangaa mishono itakavyonyooka. Itakayopinda, ipinde. Mkasi mpe Benuel aufungie ghalani, na umwambie ni kwa sababu gani, atacheka na atakusamehe fremu.

Unaniambia wewe ulikuwa msichana tu, hakuna aliyetarajia makubwa kwako. Kesho asubuhi ukitandika kitanda, usicheke. Weka mkono karibu na mto, juu ya hayo meno ya farasi, uyapapase kama yeye anavyopapasa sasa. Siku ulipoyashona, mkasi ulikuwa mfukoni mwa Mama Arie, na macho yake yalikuwa mazima.

Mama Verna