Mkasi wa Mama na Malkia Wawili

Jumanne, 5 Machi

Daktari amesema goti la mke wangu lipasuliwe Jumatatu. Mke wangu amesema haendi popote kabla mkasi wake mkubwa haujapata mwenyewe mpya. Mkasi huning'inia kwenye msumari katika karakana yetu ya ushonaji. Anayeushika ndiye bosi. Wanaoutaka ni wawili, binti yetu na mkwe wetu, mke wa mwanetu. Mchaguzi ni mimi! "Mwalimu, wewe ndiye msomi," kasema. "Nipe jina moja. Sitaki hotuba."

Wakati wa chakula nimetoa hotuba. Ilibidi — huwezi kupima utawala wa mali bila mifano. Nikaanza na Elizabeti wa Kwanza wa Uingereza, malkia mwenye mkono mgumu. Alikuta sarafu zimechakachuliwa kwa shaba, akaziyeyusha, akatoa safi. Tena aligawa hati: fulani peke yake auze hiki, fulani kile. Binti akaacha kutafuna. "Huyo ana akili, baba."

Kisha Katarina Mkuu, malkia wa Urusi. Yeye alikaribisha wageni waje kulima, akaruhusu watu wafungue viwanda, akatoa pesa za karatasi. Mkwe akapiga makofi.

Bahati mbaya, binti alikwenda kuosha vyombo kabla sijafika kwenye malalamiko ya wabunge juu ya zile hati. Mkwe alisinzia kabla karatasi hazijashuka thamani. Mke wangu alilala tangu kwenye shaba.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamua kila mmoja aongoze karakana siku moja. Leo zamu ya binti kujaribiwa. Ametoa hati! Fundi mnene peke yake atoboe vitundu vya vifungo. Fundi kipara peke yake ashike pasi. Saa nne fundi mnene akaenda msalani. Karakana nzima ikamsubiri. Aliporudi alitaka abembelezwe kwanza. Mashati yamelundikana hadi dirishani. Ila lazima niseme kweli — hakuna hata uzi uliopotea.

Alhamisi, 7 Machi

Zamu ya mkwe. Hati zote kafuta, mafundi wapya kawaita kutoka mtaa wa pili. Sare za shule zimekwisha mapema, kazi safi kabisa! Lakini mafundi walitaka chai, naye akawagawia vikaratasi: "Kikombe kimoja", sahihi yake chini. Asubuhi muuza chai alivipokea kwa heshima. Mchana akataka viwili kwa kikombe. Jioni akamletea mke wangu vyote kwenye bakuli. "Mama, hivi nivifanye nini? Nivitie sukari?"

Nikawaita wote wawili nimalizie hotuba: wabunge walivyolalamika hadi Elizabeti akafuta hati mbaya na kusema upendo wa raia ni bora kuliko cheo, na karatasi za Katarina zilivyoshuka thamani. Safari hii hakuna aliyetoroka.

Ijumaa, 8 Machi

Binti amewaita mafundi, akafuta hati zake na kuwaambia upendo wao ni bora kuliko cheo. Mafundi walipiga vigelegele. Fundi kipara alitokwa machozi — baadaye ikajulikana alikalia sindano. Naye mkwe amevikusanya vikaratasi vyote, amemlipa muuza chai na kuomba radhi.

Sasa nifanyeje? Kila mmoja amejirekebisha. Nimeandika hoja za pande zote, kurasa sita. Mke wangu amezifunika kwa sufuria ya maharage.

Jumapili, 10 Machi

"Mwalimu, jina," kasema mke wangu. Nikamwambia inategemea na hali ya soko. Usiku goti lilimuuma, nikalisugua. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 11 Machi

Teksi iko nje. Mke wangu kakaa kwenye kigoda, begi pembeni, mkasi mapajani. Nimeomba dakika moja nifikirie chumbani — huwa nafikiri vizuri nikiandika. Dereva anapiga honi. Nasikia binti: "Wifi, mwambie mama anyanyuke." Mkwe: "Mwambie wewe, mimi ataniita mwenye haraka ya mkasi." Wanacheka.

Mke wangu: "Mwalimu! Umefika karne ya ngapi?"

Anavua kiatu kimoja; akivua na cha pili, haendi tena hospitali. Najua sauti ya kile kiatu sakafuni.

Basi. Jina ninalo, na ninatoka kulisema sasa hivi. Ila kuna jambo moja dogo ambalo lazima nilieleze kwanza, la sivyo hawatanielewa —

Kiatu cha pili.